Jinsi ya kukokotoa manunuzi ya kijani kwa cheti cha LEED: mfano wa jengo la ofisi Lubumbashi

Jengo ambalo tayari linatumika halipewi cheti cha kijani kwa kuta na bati peke yake. Hupimwa pia kwa vitu vinavyoingia mlangoni kila wiki: karatasi, wino wa printa, betri, kompyuta, taa. Hapo ndipo majengo mengi yaliyojengwa vizuri hupoteza alama, kwa sababu mnunuzi alinunua bila kuambiwa, mhasibu akaandika bila kuulizwa, na mwisho wa kipindi hakuna anayeweza kuonyesha nini kilinunuliwa na kwa ushahidi gani.

Mwongozo huu unafuata LEED, mfumo wa Marekani wa kutoa cheti kwa majengo ya kijani, yaani yanayotunza mazingira, toleo la 4 kwa majengo yanayotumika, linaloandikwa LEED v4 O+M. Umeandikwa kwa wasimamizi wa majengo na wahasibu wa Lubumbashi, lakini hesabu ni ileile popote. Kabla ya kuanza, soma hati ya usajili wa mradi uone ni cheti gani na toleo gani. Kama jengo liko chini ya EDGE, cheti cha majengo cha IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia, kazi yako ni nyingine: EDGE hudai kupunguza angalau 20% ya nishati, 20% ya maji na 20% upande wa utengenezaji wa vifaa vya ujenzi. Haikuulizi habari ya rimu za karatasi.

Toleo nalo si jambo dogo. Majedwali ya zamani ya LEED ya 2009 bado yanazunguka maofisini, na fomula zake hazifai kwa toleo la 4. Mwaka 2009 bidhaa iliyotimiza vigezo viwili ilihesabiwa mara mbili: karatasi ya dola 100 yenye sifa mbili iliingia kama dola 200. Bidhaa ambayo nusu ya malighafi yake ilitoka na kutengenezwa ndani ya maili 500, yaani kama kilomita 800, nayo ilipita kwa kigezo hicho peke yake. Mtu wa Lubumbashi hukipenda kigezo hicho, maana Lusaka na Ndola zimo ndani ya duara hilo ilhali Kinshasa iko nje kabisa. Katika bidhaa za ofisi za toleo la 4 hakipo. Ukirithi jedwali la mtu, fungua kwanza seli za fomula uone limejengwa kwa kanuni ipi.

Viwango unavyotafuta

Bidhaa za matumizi ya kila siku, yaani zile za bei ndogo zinazoisha na kununuliwa tena: angalau 60% ya gharama yote itimize walau kigezo kimoja kati ya vile vya Hatua ya 3.

Vifaa vya umeme (kompyuta, printa, friji, runinga): angalau 40% ya gharama.

Taa: wastani wa zebaki usizidi pikogramu 70 (sehemu ndogo sana ya gramu) kwa kila saa ya lumeni, yaani kipimo cha mwanga, kwa taa zote zilizonunuliwa.

Vifaa vya ukarabati wa jengo, kama rangi, mbao na samani, vina sera yake na jedwali lake. Usivichanganye na haya. Vivyo hivyo karatasi za chooni, taulo za karatasi na mifuko ya taka: hizo huhesabiwa upande wa usafi wa kijani, ambako kiwango ni 75%. Ukiziweka pande zote mbili, mkaguzi atazitoa upande mmoja, na asilimia yako itabadilika ukiwa umeshafunga faili.

Hatua ya 1: Andika sera kabla ya kununua chochote

Sera ya manunuzi ni sharti la lazima. Bila hiyo hakuna alama ya kuhesabu. Ndani yake lazima mtaje aina tano za bidhaa mnazonunua zaidi kwa mwaka, pamoja na karatasi, katriji za tona, mafaili ya pete, betri na vitu vya mezani kama kalamu na stepla. Taja pia taa na vifaa vya umeme. Chakula ni lazima kwa shule na hoteli.

Ofisi ya kawaida inaweza kuamua kuingiza chakula au kukiacha, na uamuzi huo ufanywe hapa, kwenye sera, usisubiri kuona matokeo. Ukikiingiza, kinaingia chote: mboga za Kipushi na kahawa ya kopo kutoka ng'ambo, vyote huhesabiwa kwenye jumla. Huwezi kuchukua mboga ukaacha kahawa.

Sera iseme pia nani ana ruhusa ya kununua. Jengo lenye wanunuzi watano wasiozungumza halitapata hesabu safi hata likiwa na mhasibu hodari.

Hatua ya 2: Funga kipindi na fungua daftari moja

Kipindi cha kupimwa ni angalau miezi 3. Kinachohesabiwa ni tarehe ya kununua iliyo kwenye fakitire, yaani ankara. Tarehe ya kutumia haiulizwi. Rimu zilizolala stoo tangu kabla ya kipindi hazimo, hata kama zimetumika ndani yake.

Fungua jedwali lenye safu hizi: tarehe, muuzaji, namba ya fakitire, jina la bidhaa na modeli kamili, idadi, bei ya kimoja, jumla, sarafu, kiwango cha kubadilisha fedha, jumla kwa dola, kigezo kilichotimizwa, jina la faili la ushahidi, na mwishowe kiasi kinachohesabiwa. Kila mstari wa fakitire uwe mstari wake kwenye jedwali. Fakitire moja yenye rimu za FSC (cheti cha karatasi na mbao za misitu inayosimamiwa vizuri) na kalamu za kawaida haiwezi kuandikwa "vifaa vya ofisi, dola 300".

Hapa mjini kuna mambo manne yanayoharibu jedwali kuliko mengine yote.

La kwanza ni sarafu mbili. Depo kubwa huuza kwa dola, duka la kona huuza kwa feranga. Chagua sarafu moja, kwa kawaida dola, na ubadilishe kila fakitire kwa kiwango cha Benki Kuu ya Kongo cha siku ile ya fakitire. Usitumie kiwango kimoja cha mwisho wa kipindi kwa miezi yote. Feranga ikipanda au ikishuka katikati, manunuzi ya feranga yataonekana makubwa au madogo kuliko yalivyokuwa, na kwa kuwa bidhaa zisizo na cheti ndizo hununuliwa sana kwa feranga, kosa hilo huangukia upande mmoja tu.

La pili ni TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya 16%. Muuzaji mkubwa huionyesha, mdogo haionyeshi. Ukiandika huyu pamoja na kodi na yule bila kodi, unalinganisha vitu visivyolingana. Andika zote bila TVA. Gharama ya kusafirisha kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nayo iwe ndani kwa bidhaa zote zilizopita huko au iwe nje kwa zote.

La tatu halionekani kwa macho. Kompyuta nyingi hapa hutumia Excel ya Kifaransa, ambayo hutaka koma kwenye sehemu ya desimali. Ukiandika 6.50 kwa nukta, Excel huichukua kama maandishi, na fomula ya kujumlisha, SOMME, huiruka bila kukuonya. Jumla yako inapungua, asilimia inaweza kupanda kwa uongo, na wewe hujui. Chagua safu nzima ya bei uiangalie: namba halisi hukaa kulia mwa seli, maandishi hukaa kushoto. Katika mwongozo huu koma hutenga maelfu na nukta hutenga desimali. Kwenye Excel yako fuata mpangilio wa mashine.

La nne ni fedha za matumizi madogo. Mtu ametumwa Soko Mzee akarudi na betri na kalamu, bila karatasi yoyote. Manunuzi hayo hayafutiki. Yaandike kwenye jumla kwa bei iliyolipwa, na kwenye safu ya mwisho uandike sifuri. Kuyaficha ni kudanganya, na ni udanganyifu usio na faida, maana mara nyingi ni kiasi kidogo sana kuweza kubadilisha matokeo.

Hatua ya 3: Pitisha kila mstari kwenye kigezo

Kigezo kimoja kinatosha, na bidhaa huhesabiwa mara moja tu.

*Karatasi na bidhaa za mbao: FSC.* Kwenye pakiti tafuta nembo ya mti pamoja na msimbo unaoanza na FSC-C ukifuatiwa na tarakimu sita. Ingiza msimbo huo kwenye rejista ya FSC mtandaoni uone ni wa nani na kama bado uko hai, kisha hifadhi picha ya pakiti. Picha ya rimu moja kwa kila shehena inatosha, ilimradi msimbo unasomeka. Pakiti yenye mti lakini bila msimbo isihesabiwe. PEFC ni mpango mwingine wa misitu. Usiuweke kwenye safu ya FSC kwa sababu nembo zinafanana.

*Bidhaa zilizorejelezwa.* Kinachotazamwa ni sehemu iliyotokana na taka za watumiaji, yaani karatasi iliyokwisha kutumika ikakusanywa. Mabaki ya kiwandani ambayo hayajawahi kufika kwa mtumiaji hayamo. Asilimia lazima zifikie miongozo ya manunuzi ya EPA, wakala wa mazingira wa Marekani: kwa karatasi ya kawaida ya kuchapishia ni 30%. Bidhaa ambayo miongozo hiyo haikuitaja inaweza kuhesabiwa bila kiwango cha chini. Alama ya mishale mitatu inayozunguka, bila namba, haithibitishi kitu. Mwandikie muuzaji akupe karatasi ya mtengenezaji inayotaja asilimia na kusema wazi ni taka za watumiaji.

*Matumizi ya muda mrefu.* Betri ziwe za kuchaji. Katriji za printa za leza ziwe zimefanyiwa ukarabati kiwandani: zimefunguliwa, zimesafishwa, vipuri vilivyochoka vimebadilishwa na tona mpya imejazwa. Mjini wapo mafundi wanaojaza tona tu kupitia tundu. Kazi yao inaokoa fedha, lakini ushahidi wake ni mgumu kuutetea kwa sababu kujaza si kukarabati. Kama fundi anabadilisha kweli silinda na wembe wa ndani, fakitire yake iseme hivyo kwa maneno. Ikisema "kujaza tona" peke yake, weka sifuri.

Betri kubwa za inveta ni za kuchaji, na kwa kuwa umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hukatika, majengo mengi yanazo. Kishawishi ni kuziweka hapa, maana betri nne zinaweza kusukuma asilimia juu sana. Usifanye hivyo. Bidhaa za matumizi ya kila siku ni zile za bei ndogo zinazobadilishwa mara kwa mara. Betri ya inveta ni kifaa cha kudumu.

*Chakula na vinywaji.* Kuna njia mbili: alama inayotambulika ya kilimo hai au ya uvuvi endelevu, au malighafi zilizovunwa na kuzalishwa ndani ya maili 100, yaani kilomita 160, kutoka kwenye jengo. Umbali hupimwa kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, barabara haihesabiwi. Kwa Lubumbashi matokeo yake yanashangaza. Likasi, iliyo kama kilomita 110, imo. Kitwe ya Zambia, kama kilomita 150, imo. Kasenga, ambako samaki wengi wa soko letu hutoka, iko karibu kilomita 190, kwa hiyo haimo. Sakania iko nje kidogo. Pima kwa ramani ya mtandaoni kutoka jengo lako hadi shamba lenyewe, na uhifadhi picha ya kipimo.

Linalovunja wengi hapa ni neno "malighafi". Mkate uliookwa mjini kwa ngano ya ng'ambo haupiti. Soda iliyotiwa chupani mjini kwa sukari iliyosafiri kutoka mbali haipiti. Unga wa bukari uliosagwa Kampemba, hapa mjini, unapita tu ukijua mahindi yalilimwa wapi, na mahindi mengi yanayovuka Kasumbalesa hutoka ndani zaidi ya Zambia. Mwombe mwenye kinu hati ya alikonunua. Asipokuwa nayo, weka sifuri.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Asilimia ni gharama ya bidhaa zilizotimiza kigezo, ugawe kwa gharama ya bidhaa zote zilizotajwa kwenye sera, uzidishe kwa 100. Huu ni mfano wa miezi 3. Bei ni za kufundishia:

- Karatasi A4: rimu 240 kwa dola 6, jumla 1,440. Rimu 160 zina FSC: 960 inahesabiwa.
- Bahasha na madaftari: jumla 620. Yenye FSC: 350.
- Katriji: 6 zilizokarabatiwa kwa dola 60, na 5 mpya kwa dola 110. Jumla 910. Inayohesabiwa: 360.
- Betri: za kuchaji 80, za kutupa 60. Jumla 140. Inayohesabiwa: 80.
- Mafaili ya pete: 300. Hakuna ushahidi: 0.
- Vitu vya mezani: 190. Hakuna ushahidi: 0.
- Chakula na vinywaji: 1,400. Ya karibu, yenye hati: 700.

Jumla ya chini, yaani ya bidhaa zote, ni dola 5,000. Jumla ya juu, yaani ya zinazohesabiwa, ni dola 2,450. Asilimia 49. Kiwango ni dola 3,000, kwa hiyo zimepungua dola 550.

Swali linalofuata ni wapi pa kusukuma. Wengi hukimbilia betri kwa sababu ni rahisi kueleweka. Lakini betri zote zikiwa za kuchaji kwa gharama ileile, unaongeza dola 60, sawa na 1.2%. Karatasi ndiyo yenye uzito. Zile rimu 80 zisizo na alama zingekuwa za FSC kwa bei ileile, juu inaongezeka 480, inakuwa 2,930, sawa na 58.6%. Bado hujafika. Sasa badilisha katriji 2 mpya kwa zilizokarabatiwa: juu inaongezeka 120, inakuwa 3,050. Na chini inapungua, kwa sababu umelipa 120 badala ya 220: inakuwa 4,900. Matokeo ni 62.2%. Bidhaa ya kijani iliyo ya bei nafuu inakusaidia pande zote mbili, na hili watu wengi hawalioni mpaka walipige hesabu.

Chukua sasa hesabu hiyo hiyo ya mwisho bila chakula: juu 2,350, chini 3,500, sawa na 67.1%. Kundi lolote ambalo asilimia yake iko chini ya ile ya jumla linaivuta jumla chini. Hapa chakula chenye 50% kinavuta. Ndiyo sababu uamuzi wa kukiingiza ufanyike mapema, baada ya kuangalia manunuzi ya mwaka uliopita.

Usisubiri mwisho wa kipindi

Piga hesabu kila mwisho wa mwezi, na kila mara ujiulize: kilichobaki kinatakiwa kiwe cha kijani kwa kiasi gani? Zidisha jumla unayotarajia kwa 0.6, toa kilichokwisha kuhesabiwa, gawa kwa fedha zilizobaki kutumika.

Tuseme unatarajia kutumia dola 5,000. Baada ya miezi miwili umetumia 3,300, na zinazohesabiwa ni 1,600. Unahitaji 3,000, zimebaki 1,400 za kutafuta ndani ya matumizi ya 1,700. Yaani 82.4% ya kila unachonunua mwezi wa tatu lazima kipite. Inawezekana, lakini kila oda sasa ipitie kwa mtu mmoja. Ukigundua siku ya mwisho, huna la kufanya.

Chanzo kikubwa cha zile rimu 80 zisizo na alama ni kuishiwa. Karatasi yenye cheti hupita barabara ndefu, mara nyingi kutoka kusini kupitia Zambia, na lori likikwama Kasumbalesa ofisi haiwezi kusubiri. Mtu anatumwa dukani kuchukua rimu yoyote iliyopo. Dawa yake ni kiwango cha kuagiza upya. Ukitumia rimu 80 kwa mwezi na shehena huchukua mwezi mmoja na nusu, utatumia 120 ukiwa unasubiri. Ongeza 40 za akiba. Stoo ikifika rimu 160, agiza siku hiyo.

Vifaa vya umeme

Jedwali ni tofauti, kiwango ni 40%. Kifaa kiwe kimesajiliwa EPEAT, rejista ya vifaa vya elektroniki vinavyotunza mazingira, kwa daraja la Silver au juu yake. Ni kama aina hiyo ya kifaa haimo kwenye EPEAT ndipo unaruhusiwa kutumia ENERGY STAR, nembo ya Marekani ya vifaa vinavyookoa umeme, au ufanisi unaolingana nayo kwa miradi iliyo nje ya Marekani. Watu huteleza hapa kwenye printa: ina nembo ya ENERGY STAR, wanaihesabu, na kumbe printa ni miongoni mwa aina zilizomo EPEAT, kwa hiyo inatakiwa ipite huko. Friji haimo, kwa hiyo ENERGY STAR inaitosha.

Mfano: kompyuta mpakato 6 kwa dola 900, ambazo 2 tu zina EPEAT Silver, printa za dola 800 zisizo na EPEAT, friji ya dola 700 yenye ENERGY STAR, maikrowevu ya dola 100. Jumla 7,000. Zinazohesabiwa: 1,800 na 700, sawa na 2,500, yaani 35.7%. Kompyuta moja zaidi yenye EPEAT ingeleta 3,400, yaani 48.6%. Vifaa ni vichache na bei ni kubwa, hivyo kila kimoja kina uzito. Angalia rejista kabla ya kulipa. Tafuta kwa namba kamili ya modeli, maana herufi moja mwishoni inaweza kuwa mashine nyingine, na uhifadhi picha ya ukurasa ikiwa na tarehe. Mashine za mitumba zisizosomeka namba ya modeli ziingie kwenye jumla kwa sifuri.

Taa

Hapa hatuhesabu dola. Tunahesabu zebaki dhidi ya mwanga ambao taa itatoa maisha yake yote. Kwa kila aina ya taa unahitaji namba tatu kutoka kwa mtengenezaji: miligramu za zebaki, lumeni za wastani, na saa za maisha zilizotangazwa. Miligramu 1 ni pikogramu bilioni 1. Saa unazotumia ni zile za mtengenezaji, hata kama umeme wa hapa huziua taa mapema.

Tuseme mmenunua mirija 200 ya fluoresenti aina ya T8, kila mmoja miligramu 2, lumeni 2,600, saa 20,000. Mrija mmoja hutoa saa za lumeni milioni 52, kwa hiyo una pikogramu 38.5 kwa saa ya lumeni. Mmenunua pia taa 60 za fluoresenti zilizokunjwa, za kuchomeka kwa pini, kila moja miligramu 3, lumeni 1,500, saa 10,000: pikogramu 200.

Kosa la kawaida ni kuchukua 38.5 na 200 na kuzigawa kwa mbili. Unapata 119 na kudhani umeshindwa. Sahihi ni kujumlisha zebaki yote kwanza: 400 na 180, sawa na miligramu 580. Kisha jumlisha mwanga wote: bilioni 10.4 na bilioni 0.9, sawa na bilioni 11.3. Gawa: 51.3. Umepita. Kwa mirija hiyo hiyo 200, unaweza kununua hadi taa 168 za pini ukabaki chini ya 70. Ya 169 inakuvusha mpaka.

Taa za LED hazina zebaki, lakini huingia kwenye wastani kwa sharti kwamba ufanisi wake usiwe chini ya ule wa taa yenye zebaki ya aina hiyo. Linganisha lumeni kwa wati. LED za bei ya chini sokoni huandikwa lumeni ambazo hakuna aliyezipima; bila karatasi ya mtengenezaji usizihesabu.

Hata hivyo, ushauri wetu ni kuacha kupanga kwa mirija. Mkutano wa tano wa Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, mwaka 2023, uliamua kukomesha utengenezaji, uagizaji na uuzaji nje wa taa za fluoresenti za mirija ifikapo mwisho wa 2027. Atakayejaza stoo T8 leo atakuwa na taa za aina isiyotengenezwa tena, na zebaki mikononi ya kutafutia pa kuiweka. Mirija inayotolewa isivunjwe wala isitupwe na taka za kawaida. Ihifadhiwe mizima, kwenye maboksi yake, ndani ya chumba kinachopitisha hewa.

Kufunga faili

Kila mstari unaohesabiwa uwe na faili moja la ushahidi lenye jina linaloanza na namba ya fakitire. Mtu ambaye hakushiriki achukue mistari kumi bila kuchagua, afungue ushahidi wake na kujaribu kuutetea kwa maneno yake. Mstari atakaoshindwa kuutetea, ubadilishwe kuwa sifuri kabla ya kutuma, na asilimia ipigwe upya. Ukibaki na 61% ambayo moja ya shehena zake ina shaka, kwa kweli huna 60%. Jaribu kufika karibu na 65% ili mkaguzi akikataa mstari mmoja usianguke.

Oda za kipindi kijacho ziandikwe upya mara moja, na sifa iwe ndani ya oda yenyewe: "rimu 160 za A4, zenye FSC, msimbo uonekane kwenye pakiti, zisipokuwa nao zitarudishwa". Muuzaji akileta zisizo na msimbo, zikataliwe mlangoni kabla ya mtu wa stoo kutia sahihi kwenye hati ya kupokelea.